Dada, Nataka Kuwaandikia Wapulizaji Wangu

Barua ya safari hii imetoka kwa mdogo wangu anayepuliza tarumbeta kwenye bendi ndogo: tarumbeta mbili, saksafoni alto moja, saksafoni tena moja na tromboni moja. Wanapenda jazi ya Marekani ya enzi za Duke Ellington na Count Basie, na yeye ndiye anayewapangia sauti. Mpaka sasa humpulizia kila mmoja sehemu yake hadi aishike. Vipande vimekuwa virefu, watu wanasahau, na mazoezi yanaishia kwenye kukumbushana. Kompyuta yake ni ya zamani na hela ya kununulia programu ya nota hana. Akaambiwa habari za LilyPond, inayopatikana bure. Kuifungua, hakuona mistari mitano wala nota za kubofya, ni maandishi tu. "Dada," anauliza, "hii ni ya wanamuziki kweli, au ni ya watu wa kompyuta?"

Ni ya wanamuziki, mdogo wangu. Walioianzisha mwaka 1996 ni Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, wapigaji wenyewe. Kilichowakera ni kwamba nota zilizochapwa kwa kompyuta zilikosa ule uzuri wa vitabu vya zamani, vilivyochongwa kwa mkono kwenye mabamba ya madini na mafundi waliojua kila nota inahitaji nafasi kiasi gani ili jicho lisichoke. Wakataka kompyuta ifanye kazi ya yule fundi. Ndiyo maana hukuona mistari: wewe unaandika muziki ni upi, programu inaamua ukae wapi kwenye ukurasa.

Na hayo maandishi yanayokutisha ndiyo yatakayokufaa. Faili lako litakuwa dogo sana, utalituma kwa WhatsApp bila kuhesabu bando, na litafunguka kwenye kompyuta yoyote yenye sehemu ya kuandikia maandishi ya kawaida, hata miaka kumi ijayo. Pakua pia Frescobaldi, nayo ni ya bure: upande mmoja unaandika, upande wa pili unaona ukurasa wa nota, na ukibofya nota kwenye ukurasa unapelekwa moja kwa moja pale ulipoiandika.

Lugha yenyewe haina mambo mengi. c4 ni nota C ya robo, c8 ni thumuni, r4 ni kimya cha robo. Ritifaa inapandisha okteva na mkato unaishusha, kwa hiyo c' ndiyo C ya katikati ya piano. Amri huanza na mkwaju unaolalia nyuma, na muziki hukaa ndani ya mabano yaliyopinda. Mwisho wa kila kipimo weka mstari wa kusimama, |. LilyPond inaweza kuchora bila huo mstari, lakini ukiuweka, kipimo kisipotimia mapigo yake programu inakuonya na kukutajia ni mstari wa ngapi. Uweke kila kipimo, mdogo wangu, hata ukiwa na haraka. Thumuni moja iliyopotea kipimo cha nne inasogeza kila kitu kinachofuata, na utaihangaikia usiku kucha.

Jambo moja la majina. LilyPond ikiwa haijaelekezwa vingine inafuata majina ya Kiholanzi: B flati ni bes, E flati ni es, F shapu ni fis. Yazoee hayo hayo, ni mafupi. Najua wengi wenu mmekulia kwenye kwaya za solfa, na mkisikia kwamba kuna amri ya \language "italiano" inayokubali do, re, mi mtaikimbilia. Tahadhari. Do ya hapo ni C siku zote. Haihami na kii kama do ya kwaya. Wimbo ulio kwenye kii ya F, ambao kwaya ingeuanza kwa do, hapo utaanza kwa fa. Mwenye masikio ya solfa atachanganyikiwa kuliko asiyejua chochote.

Sasa njoo kwenye kiini cha swali lako, maana bendi yako ina watu watano na wanasoma kwa namna nne tofauti. Tromboni inasoma kile kinachosikika. Tarumbeta ya B flati ikisoma C, piano inasikia B flati. Alto ikisoma C, inasikika E flati iliyo chini yake kwa sita kubwa. Tena inasikika chini kwa okteva na hatua nzima. Ukianza kuandika kila mtu kwenye kii yake tangu mwanzo, utakuwa unafanya hesabu kichwani kwa kila nota, na siku ukitaka kubadilisha kordi moja itakubidi uibadilishe mara tano.

Andika kila kitu kwa sauti ya piano, mara moja, na ukipe kila kipande jina. Hivi:

tarumbetaKwanza = \relative c'' {
  \key f \major
  r8 c a f g4-^ r |
  a2.\bendAfter #-4 r4 |
}

Unapotengeneza karatasi ya mpigaji, ndipo unapohamisha:

\new Staff \transpose bes c' \tarumbetaKwanza

Maana yake: kinachosikika kama bes, mwandikie kama c'. Kwa alto andika \transpose es c', na kwa tena \transpose bes, c', angalia ule mkato baada ya bes, ndio unaoongeza okteva. Karatasi yako wewe kiongozi ibaki kwenye sauti ya piano bila kuhamishwa. Ukirekebisha nota moja kwenye kipande chenye jina, inarekebika kwako na kwa mpigaji kwa pamoja. Amri ya \key iwe ndani ya kipande, kama nilivyofanya hapo juu, ili nayo ihamishwe: F ya piano itamfikia mpiga tarumbeta kama G na mpiga alto kama D.

Kuandika kwa sauti ya piano kuna faida nyingine ambayo naithamini kuliko hii ya kuokoa muda: unaona sauti zinavyopangana. Chukua "Mood Indigo" ya Ellington ya mwaka 1930. Mwanzo wake ni tarumbeta iliyozibwa, tromboni iliyozibwa na klarineti. Mtu yeyote angeiweka klarineti juu na tromboni chini. Ellington aliiweka tromboni juu kabisa ya eneo lake, ikigusana na tarumbeta, na klarineti akaishusha chini kwenye sauti zake nzito. Ndipo ule utusitusi ulipotokea. Ukiandika kila ala kwa kii yake, jicho lako haliwezi kuona kitu kama hicho, nota zinaonekana ziko mbali wakati zinakaribiana. Ukiandika kwa sauti ya piano unaziona zinavyoegemeana, na unaweza kujiuliza kwa makusudi: nani akae juu hapa?

Usiiamini programu kwa kila kitu, hata hivyo. Wimbo ukiwa kwenye kii ya B, amri ya kawaida itampa mpiga tarumbeta C shapu, yaani shapu saba. Hakuna anayestahili hilo. Andika \transpose ais c' badala yake, naye atapata D flati, flati tano, sauti zile zile. Kordi nazo zihamishe. Mpigaji wa alto anayesubiri kujitungia solo anahitaji kordi za kii yake yeye. Ukimpa za piano atapiga nota zisizokuwepo mbele ya watu, na aibu itakuwa yake wakati kosa ni la karatasi.

Na waulize wapigaji wako wamejifunzia wapi. Nchini Ujerumani, vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Kilutheri vina desturi yao: mwenye tarumbeta ya B flati husoma nota kama zinavyosikika kwenye piano, kwa sababu wote wanapuliza kutoka kitabu kimoja cha nyimbo. Mtu aliyefundishwa kwa desturi hiyo ukimpa karatasi iliyohamishwa atapiga hatua nzima juu ya wenzake, na hatakuwa amekosea. Swali moja tu kabla ya kuchapa linatosha.

Tuseme nota ziko sawa sasa. Katika jazi umefika katikati ya njia tu, mdogo wangu, kwa sababu nota ile ile ya robo inaweza kupigwa kwa namna nyingi na kikundi kizima lazima kikubaliane. Alama ya kofia, inayoandikwa -^, kwa bendi kubwa za jazi maana yake ni piga kwa nguvu na ukate fupi. Alama ya -> ni nguvu pia, ila nota inashikwa urefu wake. Mstari wa -- ni kushika kikamilifu bila kugonga. Wapulizaji watano wakitofautiana kwenye hizi tatu, hata kama wote wako kwenye nota sahihi, utasikia vurugu. Kwa hiyo weka alama kwenye kila nota ambayo ina zaidi ya njia moja ya kupigwa, na uweke ile ile kwa wote wanaopiga pamoja. Mwandishi mzembe huweka kwa tarumbeta ya kwanza tu, akadhani wengine watasikiliza. Watasikiliza, ndiyo, lakini watakuwa wamechelewa.

Kuanguka kwa nota, ile sauti inayoteremka mwishoni kama inayoachia, ni \bendAfter #-4. Ukitaka ipande weka #+4. Namba ni kiasi cha kuteremka au kupanda, basi cheza nayo uone. Alama hii haisemi ianze lini kuanguka, na wapulizaji wengi hugombana hapo. Nota ya mapigo matatu inayoanguka: waanze kuiachia pigo la tatu au pigo la nne? Liandike kwa maneno juu yake, au ifunge kwa kimya kama nilivyofanya kwenye mfano, ili kila mtu aone nota inakoma wapi. Nota zinazomezwa, zile zinazosikika nusu, ziweke kwenye mabano kwa \parenthesize.

Vizibo vya sauti navyo vinahitaji maandishi ya uangalifu. Cootie Williams aliingia bendi ya Ellington mwaka 1929 kushika nafasi ya Bubber Miley, ambaye ndiye aliyeipa bendi hiyo tarumbeta ya kunguruma kwa kutumia mpira ule wa kuzibulia sinki. Mwezi wa tatu mwaka 1940 Ellington alirekodi "Concerto for Cootie", kipande kilichojengwa juu ya uwezo wa mtu huyo mmoja wa kubadilisha sura ya sauti: inazibwa, inaachiwa, inanguruma, halafu katikati inatoka wazi kabisa. Kisikilize ukiwa na kalamu. Kila inapozibwa LilyPond inakupa \stopped, inayochora alama ya kujumlisha juu ya nota, na kila inapofunguliwa \open, inayochora duara dogo. Juu ya mstari andika ni kizibo gani, na pale kinapotolewa andika kwamba kimetolewa. Kisha hesabu: kuna vipimo vingapi vya kimya kabla ya hapo? Mtu anahitaji kuinama, kuokota, kukivalisha, kupumua. Mpe vipimo vya kutosha, hasa wimbo ukiwa wa kasi.

Ellington alijua anamwandikia nani. Kwenye karatasi zake, ambazo tangu mwaka 1988 ziko kwenye hifadhi ya Smithsonian huko Washington, sehemu nyingi zimeandikwa jina la mpigaji mwenyewe mahali ambapo wengine wangeandika "tarumbeta ya pili". Fanya hivyo. Ndani ya \header kuna mahali paitwapo instrument. Andika jina la mwenzako hapo. Utaona hata uandishi wako unabadilika, kwa sababu huwezi kumwandikia fulani, unayemjua midomo yake inachoka baada ya wimbo wa nne, nota ya juu kabisa kwenye vipimo vya mwisho vya wimbo wa tano. Kwa wapiga tarumbeta ambao bado wanajijenga, kwa nota wanazosoma wao, g'' iwe kilele cha kawaida. Kitu cha juu zaidi kiwe cha nadra na kiwe na kimya mbele yake.

Tromboni nitaizungumzia kidogo zaidi, kwa kuwa waandishi wengi wanaopuliza tarumbeta wanaionea bila kujua. Wewe una vitufe vitatu, mwenzako ana mkono unaosafiri kwenye nafasi saba. Ukimwandikia bes, na b, zikifuatana, kwako ni hatua ndogo ya nusu. Kwake, kama tromboni yake haina kile kifaa cha F nyuma, ya kwanza iko nafasi ya kwanza na ya pili iko nafasi ya saba, mkono wote unanyooka. Zirudie kwa thumuni za haraka na umemwandikia kitu ambacho hakipigiki. LilyPond itakuchorea vizuri kabisa. Vivyo hivyo \glissando: programu itachora mstari kati ya nota zozote mbili, lakini mtelezo halisi wa tromboni hauwezi kuzidi nusu za hatua sita, umbali wa kutoka nafasi ya kwanza mpaka ya saba. Keti naye nusu saa, mwombe akuonyeshe nafasi zote. Hakuna mwongozo wa programu utakaokufundisha zaidi ya hapo.

Umeniuliza pia kuhusu swingi. Thumuni za swingi huandikwa sawa kwa sawa, na wapigaji huzipiga ndefu kisha fupi. Usiandike vitatu-vitatu kila mahali, ukurasa utajaa namba na hakuna atakayeusoma kwa raha. Andika \tempo "Swing" mwanzoni, yatosha. Kama unataka faili la MIDI lisikike hivyo nyumbani, kuna faili liitwalo swing.ly linalokuja na programu na amri yake ya \tripletFeel. Lakini lisikilize kwa ajili ya kukamata nota zilizokosewa tu. Wimbo ukienda kasi, thumuni hukaribia kuwa sawa. Ukienda polepole huachana zaidi. Hilo hujifunzwa kwa Basie.

Na ukimsikiliza Basie utakutana na "Li'l Darlin'", ambayo Neal Hefti aliipanga na bendi ikairekodi mwaka 1957. Hefti aliifikiria kwa mwendo wa haraka zaidi, Basie akaivuta ikawa taratibu kabisa, na nota zile zile zikapata uzito mwingine. Kwa hiyo namba ya kasi iandike, ila usikasirike wenzako wakikuonyesha mwendo bora.

Nikirudi kwenye njia yako ya sasa ya kuwapulizia wenzako sehemu zao: usiiache yote. Bendi ya Basie ilipotoka Kansas City vipande vyake vingi havikuwa kwenye karatasi, "One O'Clock Jump" ya mwaka 1937 ilikua kutokana na virai vifupi ambavyo wapulizaji walivirudia na kuviongezea jukwaani. Virai vya namna hiyo vya nyuma ya solo waachie wavibuni wenyewe. Kwenye karatasi weka \improvisationOn, inayogeuza nota kuwa mikwaju, na kordi juu yake. Andika yale ambayo mtu hawezi kuyabahatisha: nani anashika sauti ipi kwenye kordi ya sauti tano, wote wanakata wapi, nani anaingia kipimo cha tisa. Yaliyobaki wanayajua kwa masikio yao.

Mambo ya ukurasa hayatakuchukua muda. Vipimo vinne kwa mstari, kwa \break, ili mwanzo wa sentensi ya muziki uwe kushoto jicho linaporudi. Herufi za kukumbushana mahali kwa \mark \default, kila sehemu mpya. Vimya virefu viandike R1*8 kwa R kubwa, pamoja na \compressMMRests, mpigaji aone alama moja ya kimya yenye 8 juu yake badala ya kuhesabu masanduku matupu. Ukurasa ugeuzwe pale ambapo mkono uko huru. Kuhusu ile sura ya mwandiko wa mkono unayoipenda kwenye vitabu vya jazi, ipo, inaitwa LilyJAZZ. Iweke mwisho wa kazi yote, ukiwa umeshamaliza kusahihisha.

Usianze na "Concerto for Cootie". Anza na vipimo nane vya wimbo ambao bendi tayari inaujua kwa kichwa, ili ukiona karatasi inapingana na masikio yao ujue ni karatasi. Chapa, wagawie na kalamu za risasi, wapige mara mbili bila wewe kusema neno. Kila mahali mtu atakapoinua mkono kuuliza, kila mahali wawili watakapokata tofauti, wekea alama kwenye karatasi yako. Jioni fungua faili, nenda kwenye kila alama, uandike kile ambacho hukuwa umekiandika.